Pua Mbili za Kiwanda cha Maji

Wasee, nyanya yangu aliandikwa kazi kwa sababu ya pua.

Si masomo, si nguvu. Pua tu. Msicheke kwanza, ngojeni nimalize.

Na siku ile pua ilikufa, hakumwambia mtu.

Hii ni Thika, mwaka wa 1957. Nyanya aliitwa Nafuna. Alikuwa ametoka upande wa Bungoma, mjane, na msichana mmoja anayeitwa Nekoye. Huyo Nekoye ndiye mama yangu mzazi. Nafuna akapata kazi kwa kiwanda kidogo cha kujaza maji ya kunywa kwa chupa.

Siku hizo chupa haikutupwa. Ilikuwa ya glasi, nzito, kijani ya giza. Ukimaliza maji unarudisha, inaoshwa na mashine, inajazwa tena.

Shida ni kwamba chupa ikifika kwa watu haikai bure. Huyu anaweka mafuta ya taa. Yule anaweka dawa ya kuua mende. Na kwa ile kijani huwezi kuona kitu ndani. Hata sabuni haikusaidia, kwa sababu mafuta yalikuwa yanashika glasi.

Kwa hivyo kabla ya kuoshwa, kila chupa ilinuswa na watu wawili. Nafuna kwanza, halafu anampitishia Dismas, mzee mmoja mpole aliyekaa kwa stuli upande wa kulia. Ikinuka, inatupwa kwa debe.

Waliwekwa wawili ili mmoja akikosa, mwingine ashike. Nyapara wao, Macharia, alipenda sana kuwaelezea wageni hiyo maneno.

Sasa, mwaka huo homa ilipita Thika nyumba kwa nyumba. Nafuna alilala siku tano. Siku ya sita akaamka, akaweka maziwa kwa jiko, akakaa hapo hapo kando yake.

"Mama, maziwa inaungua," Nekoye akamwambia kutoka nje.

Nafuna akaangalia sufuria. Ilikuwa nyeusi tayari.

Akakata kitunguu, akaweka kwa pua. Hakuna. Akafungua taa, akainamia mafuta mpaka macho yakatoa machozi. Hakuna kitu, wasee. Hewa tu.

Akajiambia itarudi.

Haikurudi wiki hiyo, wala iliyofuata.

Mtanishangaa, kwani si angesema tu? Sema uone. Chumba alichokaa kilikuwa cha landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa kiwanda. Ukiachishwa kazi, unatoa vitu vyako nje. Na zilikuwa siku za Hali ya Hatari ya mkoloni, mtu akionekana mjini bila kazi anatafutiwa makosa. Nekoye alikuwa ameanza shule juzi tu. Nafuna aliogopa, na mimi simlaumu kwa kuogopa.

Basi akaanza kuigiza. Anainua chupa, anafunga macho, anavuta pumzi, anapitisha. Mara moja moja anatupa moja kwa debe ndiyo ionekane kazi inaendelea.

Hakutulia hata dakika. Alikuwa akigeuza shingo kila saa kumwangalia Dismas. Dismas akitupa chupa kwa debe, roho inashuka kidogo. Anajiambia, mzee ameishika, mzee yuko. Halafu kreti nyingine inaletwa, anageuza shingo tena.

Ikafika Jumanne moja. Wanatoka kula mchana, Nafuna akamkuta Wakonyo langoni. Wakonyo alipika kwa shamba moja la kahawa huko Mugutha, na ndiye aliyekuwa akileta chupa tupu na gari la ng'ombe.

"Mama Nekoye, uko salama?"

"Niko. Mmeleta nyingi leo?"

"Kreti mbili, asubuhi. Na moja hapo ndani mtaisikia." Wakonyo akacheka. "Watu wa boma waliweka dawa ya kuogeshea ng'ombe. Nilitaka kuitupa, nikasema aii, si wako na watu wa kunusa."

Nafuna akageuka kuangalia mahali lori husimama.

Zile kreti mbili alikuwa amezinusa saa mbili asubuhi. Hakuna alichotupa. Zikaoshwa, zikajazwa, na lori la dereva Odhiambo lilikuwa limeondoka nazo kwenda Ruiru. Zilikuwa zinaenda zahanati, kwa wagonjwa wa homa, kwa sababu watu walikuwa wameambiwa wawape maji ya chupa, ndiyo safi.

Alikimbia. Mama mzima, na aproni, mbele ya wafanyakazi wote. Akamkuta Dismas kwa stuli yake anakula viazi.

"Mzee, zile za Mugutha, ulitupa ngapi?"

"Za Mugutha? Hakuna."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Hapo angeweza kunyamaza. Nyanya aliniambia hivyo mwenyewe, kwamba kitu fulani kilimwambia: kama Dismas hakusikia, basi hakuna dawa, Wakonyo amekosea, rudi kazini. Alikaa na hilo neno kwa muda wa kumeza mate mara moja.

Halafu akaenda kwa Macharia, na Dismas akimfuata na viazi mkononi.

"Nyapara, pua yangu haifanyi kazi. Tangu homa. Kuna chupa ya sumu kwa lori."

Macharia akamwangalia. Alikasirika, lakini hakushtuka. "Wewe tutaongea baadaye. Lakini chupa haiwezi kuwa imepita, Dismas alinusa nyuma yako. Si ndiyo, mzee?"

Dismas akaweka viazi chini. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Si ndiyo?"

"Yangu pia," Dismas akasema. "Homa ilinilaza wiki ile ile ilimlaza huyu mama."

"Na zile ulikuwa unatupa?" Nafuna akamuuliza.

"Nilikuwa natupa ovyo tu. Nilijua wewe uko mbele yangu."

"Na mimi nilijua wewe uko nyuma yangu."

Macharia alikuwa ameshaanza kukimbia kwa ofisi ya mwenye kiwanda.

Waliingia wote kwa gari la tajiri. Nafuna alisema barabara ya Ruiru haijawahi kuwa ndefu vile. Walipofika, Odhiambo alikuwa ameshusha kila kitu na kreti moja ilikuwa ndani ya wodi. Chupa tatu zilikuwa zimefunguliwa. Mama mmoja, Gathoni, alikuwa ameshikilia kikombe kwa mdomo wa mtoto wake.

Nafuna alikipiga kile kikombe kikaanguka.

Yalikuwa maji safi. Gathoni akamtukana vizuri sana, na Nafuna akaomba msamaha.

Wakatoa kreti zote nje, wakaanza kumwaga kwa mtaro, chupa moja baada ya nyingine. Wagonjwa waliosimama kwa dirisha wakaangalia. Zikamwagwa kumi, kumi na tano, ishirini. Macharia akaanza kusema labda Wakonyo alikuwa anatania.

Chupa iliyofuata, watu wote wakarudi nyuma wakishika pua. Odhiambo alitapika kwa gurudumu la lori.

Ni wawili tu waliobaki wamesimama juu ya mtaro, wakiangalia maji, wakiangaliana.

Wale waliolipwa kunusa.

Wote wawili walifutwa siku hiyo, na chumba kikaenda. Wakonyo ndiye aliyewachukua Nafuna na Nekoye wakakaa naye Mugutha, wakichuma kahawa. Pua haikurudi mpaka anakufa.

Nikiwa mdogo, akitaka kunywa maji, ananipa kikombe kwanza. "Nusa." Nikimwambia Mama ameshanusa, ananiambia, "Sijauliza Mama."

Kwa hivyo ukiniona hapo steji ya matatu ya Githurai 45 nimenunua maji, imefungwa vizuri, ina karatasi imeandikwa imepimwa, na bado naweka pua kwa mdomo wa chupa, nicheke tu. Aliyepima pengine alijua kuna mwingine nyuma yake. Na huyo wa nyuma alijua kuna wa mbele. Mimi ndiye wa mwisho, na nina pua.