Niliweka simu "private number" nikasahau, mathe akakataa kuondoka nyumbani

Wakuu, habari za humu ndani.

Mimi huwa nasoma tu nyuzi zenu na kupita. Naishi Karagita hapa Naivasha, kazi yangu ni kupanga maua kwa shamba moja. Leo naandika yaliyonipata mwenyewe. Sitaongeza chumvi, na pale nilipokuwa mjinga nitasema hivyo.

Ilianza Desemba 2007. Supervisor wetu, Madam Roselyne, alikuwa na tabia moja: ukimpigia kuuliza kama umepewa off ya Krismasi, anakuweka kwa orodha ya wavivu. Off unaikosa hapo hapo.

Sasa mimi ni mtu wa kuchokora simu. Sijui kuiona menu nikaiacha. Siku moja nikaingia kwa settings za simu yangu ya tochi, nikakuta mahali pa kuchagua kama namba yako itumwe ukipiga ama isitumwe.

Nikaweka isitumwe. Nikampigia Madam, nikakaza sauti kama mzee wa kanisa, nikauliza ratiba ya off. Akanisomea yote kwa heshima! Kwake ilitokea "private number" tu.

Nilicheka siku nzima. Hata marafiki niliwapigia hivyo kuwasumbua. Kisha nikasahau kuirudisha.

Nisimame hapo kidogo niwaambie kuhusu mathe, mama yangu.

Mathe anaishi Kariandusi na dada yangu Eunice. Hajui kusoma. Nilipompa simu yangu ya zamani, jina langu nililiwekea mlio wake peke yake. Simu ikilia hivyo, hata akiwa kwa zizi anajua ni mimi. Mtu mwingine yeyote akipiga, unatoka ule mlio wa kawaida.

Basi vurugu za baada ya uchaguzi zikafika kwetu mwezi wa Januari. Maduka yakafungwa, credit hakuna pa kununua. Mahali ninapochajia simu pia pakafungwa.

Nilikuwa nimebakisha credit kidogo sana, na mathe sikuwa nimempigia tangu Novemba. Nikatuma SMS moja kwa simu ya mathe, Eunice amsomee: kila asubuhi nitaflash mara moja, ukisikia jua niko salama, usishike. Flash mnaijua, inalia kidogo unakata. Baada ya hapo nazima simu kutunza betri.

Nikaflash siku ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Kila nikizima simu nilijisikia mtoto mzuri kabisa.

Kumbe kule Kariandusi mambo yalikuwa mengine.

Eunice amemsomea SMS, wanasubiri mlio wangu, lakini kila asubuhi simu inalia mlio wa kawaida, inakata. Eunice anaangalia, "private number". Na wakati huo kulikuwa na uvumi kwamba kuna watu wanaficha namba, wanapiga kuangalia ni nyumba gani bado ina watu. Eunice akijaribu kunipigia, mimi nimezima.

Jirani mmoja alikuwa na pickup, anapeleka wazee na akina mama kanisani Gilgil ambako kulikuwa na usalama. Alikuja kwa mathe mara mbili. Mathe alikataa kupanda. Alisema hatoki pale mpaka asikie mlio wa Elijah, ndiye mimi. Eunice naye akasema hamwachi. Siku ya nne jirani akawaambia hiyo ndiyo safari ya mwisho.

Asubuhi hiyo mimi sijui lolote. Nikaflash kama kawaida. Kabla sijakata, mtu akashika.

"Wewe mtu mwenye unapiga kila asubuhi ukikata," mathe akasema. "Kama mtoto wangu umemmaliza, niambie. Nianze kulia nijue nalia."



"Mathe, ni mimi. Ni Elijah."

"Elijah ana mlio wake. Hii si yake."

"Ni mimi, mathe, haki."

"Ng'ombe yetu inaitwa nani?"

"Tausi. Ile yenye pembe moja."

Nikamsikia akivuta pumzi, halafu akauliza, "Sasa mbona ulikuwa unajificha kwangu?"

Credit ikaisha kabla sijajibu.

Nilikaa chini nikalia, siwafichi. Baadaye Eunice aliniambia mathe alifunga simu kwa leso, akapanda pickup bila kubishana tena.

Mambo yalipotulia nilienda kwa fundi wa simu mjini Naivasha, mzee mmoja Mhindi, nikamuuliza hii kitu inafanyaje kazi. Akaniambia, "Boss, network inajua namba yako siku zote. Wewe unaiambia isimwonyeshe mwenye unampigia. Sasa simu ya mama ikikosa namba, itajua aje ipige mlio gani?"

Akanionyesha pia kwamba ukitaka kujificha kwa simu moja tu, unaanza na #31# halafu namba. Ukikata, yameisha, simu inayofuata inaenda na namba yako. Laiti ningejua hiyo Desemba.

Mwezi wa Aprili nilipata off, nikaenda nyumbani kumweleza mathe kila kitu, kuanzia settings hadi Madam Roselyne. Alisikiliza mpaka mwisho pale zizini, akamkamua Tausi kidogo, akasema:

"Kwa hivyo ulikuwa unaogopa Madam, halafu woga wote ukaniletea mimi."



Funzo langu ni hilo: ukificha namba, hujifichi kwa yule mmoja uliyemlenga. Unajificha kwa wote, hata kwa yule anayekaa akisubiri kukusikia. Ingieni kwa settings sasa hivi muangalie.

Wenye mmewahi kutumia private number, semeni iliwapeleka wapi. Na kama kuna mtu anayekujua kwa mlio tu, mpigie leo umuulize kama bado ni ule ule. Mimi humpigia mathe kila Jumapili, na hashiki mpaka mlio wangu uimbe wote mara moja.