Jumamosi Mbili za Mwezi wa Kumi na Moja

Mimi nina hasira za karibu, na waliopita mikononi mwangu pale shuleni Bwera, mpakani na Kongo, watakuambia hivyo hata usipowauliza. Chaki ikikatika, nanuna. Mtoto akichelewa, nanuna mpaka saa sita mchana. Lakini kosa ninalotaka kulieleza hapa sikulifanya kwa hasira. Nililifanya nimetulia kabisa, nyumbani kwetu Kyarumba, nimejifunika blanketi, na mvua inanyesha.

Mwaka ule mto ulifurika mwezi wa tano. Watu waliopoteza nyumba walilala madarasani mwetu kwa wiki tatu, na hakuna aliyelalamika, maana ungemtoa nani aende wapi? Tulipika nao, tukachota maji nao. Walipoondoka tukasugua sakafu, tukadhani mambo yameisha. Kumbe bado.

Ukaja waraka kutoka ofisi ya elimu kule Kasese. Sheria inataka kila shule ifundishe idadi fulani ya siku kwa mwaka, na mafuriko hayapunguzi hata moja. Zile siku kumi na tano lazima zifidiwe, na rejista zitakaguliwa. Mwalimu mkuu wetu alikuwa mtu mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi mguu mmoja. Alitusomea waraka mara mbili, kisha akaamua: madarasa ya chini yatasoma mpaka jioni, na darasa la sita na la saba watakuja Jumamosi zote za muhula wa tatu, na siku chache za Desemba juu yake.

"Jumamosi?" nikasema. "Msimu wa kahawa? Mzee, atakuja nani?"

"Utakuja wewe, Madamu," akajibu. Walimu wenzangu wakacheka, nami nikanuna.

Darasa la sita lilikuwa langu. Ndani yake alikuwemo msichana mmoja kutoka Kongo, wa miaka kumi na minne, mrefu kuliko wenzake wote, mwenye mwandiko mzuri ajabu. Mama yake alikuja upande wetu kutoka Butembo, akapanga chumba nyuma ya soko, na siku za soko alikaa mezani kwake akiuza mawese. Msichana alikuwa ameshamaliza darasa la tano kwao, kwa Kifaransa. Alipofika kwetu tukamrudisha la tano ajifunze Kiingereza. Kwa hiyo alikuwa amesharudia mara moja.

Mwezi wa saba, muhula wa pili ukiwa katikati, msichana huyo akatoweka. Jumatatu hayupo, Jumanne hayupo. Wiki ya kwanza niliweka alama ya kukosa. Wiki ya pili nikapandwa na mori. Nikachukua kalamu nyekundu, nikapiga mstari kwenye jina lake na kuandika "ameacha shule." Kutoka shuleni mpaka chumba cha mama yake ni mwendo wa dakika kumi, tena ndiyo njia yangu ya kwenda kununua sabuni. Sikwenda kuuliza.

Jumatatu ya kwanza ya muhula wa tatu, nikamkuta amesimama na mama yake kwenye baraza la shule. Mtoto amesuka upya, sare mpya inang'aa, mkoba mpya mgongoni. Mama anatabasamu mpaka magego yanaonekana.

"Madamu, habari ya siku mingi? Mutoto huyu hapa," akasema. "Darasa ya saba iko wapi?"

"Ya saba gani?"

"Si alishamaliza ya sita? Mwaka iliisha mwezi wa saba, mwezi wa nane tukaenda vakansi Butembo kwa koko yake."

Koko ni bibi, vakansi ni likizo. Hilo nililijua. Lililonishinda ni hilo la mwaka kuisha mwezi wa saba. Nilimtazama nikidhani ananitania, kisha pole pole akili ikaanza kufunguka. Kongo wanaanza mwaka wa shule mwezi wa tisa, na mwezi wa saba unapoingia wameshafunga. Sisi tunaanza mwezi wa pili na kumaliza Desemba. Yeye alimleta mtoto kwetu mwezi wa tisa mwaka uliotangulia, kwa hiyo kwa hesabu yake mwaka ulitimia barabara. Likizo yetu ya Desemba aliiona ni ya Krismasi tu.

"Na mwezi wa pili alipotoka la tano akaingia la sita, wewe ulifikirije?" nikamwuliza.

"Nilifikiri iko na akili mingi, mumemurusha darasa," akasema, na bado alikuwa na fahari usoni.

Nikageukia mtoto. "Na wewe? Hukumwambia mama kwamba wenzako bado wanasoma?"

"Nilimwambia, Madamu. Akasema hao ni wale walioanguka mtihani."

Lo! Nilicheka. Nakiri nilicheka kwa sauti, pale barazani, mpaka mwalimu mkuu akatoka ofisini kuona kuna nini. Halafu nikakumbuka kalamu yangu nyekundu, na kicheko kikanikauka mdomoni. Mwaka mzima tulikuwa na watoto kutoka ng'ambo ya mpaka, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumketisha mzazi na kumwambia mwaka wetu unaanza lini na unaisha lini. Sisi tuliona ni jambo la kujulikana, kama jua kutoka asubuhi.

Kanuni ya shule yetu ilikuwa imebandikwa mlangoni: mwanafunzi asiyefikisha idadi ya chini ya siku za kuhudhuria kwa mwaka anarudia darasa. Mwalimu mkuu aliwakaribisha ofisini, akachukua karatasi na kuhesabu, akafuta, akahesabu tena. Mwishowe akainua kichwa.

"Mama, bado kuna njia. Akija kila siku iliyobaki, pamoja na Jumamosi zote, atafika. Akikosa hata moja, atarudia la sita."

Mama hakupandisha sauti alipojibu. "Akirudilia tena, patron, mi namutoa. Iko mukubwa sasa. Atakaa na mie ku soko, tuuze mawese."

Hakuwa anatutisha. Alikuwa anatueleza tu jinsi itakavyokuwa. Msichana alikuwa anatazama viatu vyake vipya, na mimi nilijua fika kwamba kama ningetembea zile dakika kumi mwezi wa saba, tusingekuwa tumekaa pale.

Basi akaanza. Hakukosa. Siku za soko, wenzake walipotoroka saa nne kwenda kubeba mizigo, yeye alibaki. Alipopata homa alikuja amejifunga shuka, nikamfukuza arudi nyumbani, akakaa dirishani akiandika kwa nje mpaka nikamruhusu aingie. Jumamosi za mwanzo walikuwa wanakuja watoto ishirini, wakawa kumi, wakawa wanne. Kahawa ilikuwa imeiva milimani na kila mkono ulihitajika. Darasa la saba walipomaliza mtihani wao wa taifa mwanzoni mwa Novemba, Jumamosi tukabaki sisi wa la sita peke yetu.

Ijumaa moja katikati ya mwezi huo mvua ilianza adhuhuri. Nilikuwa nimepanda Kyarumba kumsaidia mama yangu kuchuma kahawa, nikiwa na nia kabisa ya kushuka alfajiri. Alfajiri mvua ilikuwa bado inapiga bati. Zile njia za Kyarumba zikilowa, hata mbuzi anafikiria mara mbili. Nikajiambia, hivi kweli nani atakuja leo? Nikavuta blanketi. Jumamosi iliyofuata mvua haikuwa kubwa hivyo, lakini kahawa ilikuwa nyingi, na uvivu ukishaonja mara ya kwanza hauombi ruhusa mara ya pili. Mwalimu mkuu mwenyewe siku hizo zote mbili alikuwa Kasese na makaratasi yake. Kwenye rejista niliacha mistari miwili mitupu.

Desemba ikafika. Tukafidia siku za mwisho, tukafanya mitihani, na msichana akawa wa tatu. Wa tatu, jamani, kwa lugha aliyoianza mwaka mmoja uliopita! Kisha mwalimu mkuu akaniita ofisini, rejista yangu imefunguliwa mbele yake.

"Madamu, yule mtoto wako amepungukiwa siku mbili."

"Haiwezekani."

"Jumamosi hizi mbili. Hakuna alama ya mtu yeyote. Ilikuwaje?"

Mdomo wangu ukatangulia kabla sijafikiri. "Mvua, mzee. Hakuna aliyekuja."

Akavua miwani, akaifuta na shati. Akasema pole pole kwamba anasikitika, kwamba kanuni ni moja kwa wote, na kwamba tayari alikuwa amekwisha kuwakatalia wazazi wengine wawili. Nikatoka nje nikiwaka. Na kwa sababu mimi ni mimi, hasira ile sikuielekeza inapostahili. Nilimkuta msichana anafagia baraza, nikamvaa.

"Jumamosi mbili zile za mvua ulikuwa wapi? Si uliambiwa usikose?"

Aliweka fagio chini. Alifungua mkoba, akatoa daftari lake la Kiingereza, akalifungua katikati na kunipa kwa mikono miwili, kama tunavyowafundisha.

Juu ya ukurasa ilikuwa tarehe ya Jumamosi ile ya kwanza, kwa mwandiko wake ule mzuri, na chini yake kapiga mstari kwa rula. Halafu somo la wiki iliyotangulia, limenakiliwa upya lote, neno kwa neno. Nikafungua ukurasa wa pili. Tarehe ya Jumamosi iliyofuata, mstari wa rula, na somo lile lile kwa mara ya tatu.

"Nani alikufungulia?"

"Askari wa shule alinipa ufunguo. Nikafungua madirisha, nikaandika tarehe ubaoni. Nikangoja mpaka saa saba."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema kwa nani, Madamu?"

Sikuwa na pa kuuficha uso wangu. Niliona haya ambayo sijawahi kuiona tena maishani, na nimefanya mambo mengi ya kipumbavu. Mtoto yule alitembea kwenye tope na mvua mara mbili, akakaa na madawati matupu, akarudi kwao, kisha Jumatatu akaniamkia kwa adabu. Na mimi Jumatatu hizo nilimwitikia, nikamwuliza kwa nini viatu vina matope.

Nilirudi ofisini na daftari. Nikaliweka juu ya rejista.

"Mzee, nilikudanganya. Mvua ilinyesha, ndiyo. Lakini yeye alikuja. Ni mimi sikuja. Mara zote mbili."

Alisoma kurasa zile bila haraka. Akamwita askari, akamwuliza, naye askari akathibitisha. Akaniambia nikae. "Unajua nikiandika hivi, barua ya onyo inaingia kwenye faili lako? Nimeshawaambia watu wa Kasese kwamba siku zetu zimetimia."

"Andika."

"Utaandika wewe mwenyewe."

Nikachukua kalamu, ile ile nyekundu maana ndiyo iliyokuwa mfukoni. Kwenye mistari ile miwili mitupu nikaandika: mwanafunzi yupo, mwalimu hayupo. Mwalimu mkuu akahesabu upya tangu mwezi wa pili, kidole kikishuka safu kwa safu, na alipofika chini akaandika jina la msichana kwenye orodha ya wanaopanda darasa la saba.

Jioni nilizitembea zile dakika kumi. Mama alikuwa anafunika madumu ya mawese. Nilimwambia mtoto amepanda, na nikamwambia yote, la kalamu nyekundu na la blanketi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Madamu," akasema, "sasa mwaka imeisha ya kweli?"

"Kwa mtoto wako imeisha ya kweli, mama. Mtarudi mwezi wa pili."

Akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka.

Lakini kwa shule haukuwa umeisha. Siku ambayo mwalimu hakufundisha, kwa sheria haihesabiwi kuwa siku, hata mwanafunzi awe ameketi. Zilipungua mbili, na mwalimu mkuu akaamua nizifundishe mimi, Jumatatu na Jumanne, wakati wenzangu wote wameshakwenda makwao. Alituma habari kwa watoto wa darasa la sita waliokaa karibu. Sikutegemea mtu.

Jumatatu nilifika saa mbili kasoro. Madirisha yalikuwa wazi. Tarehe ilikuwa ubaoni, na chini yake mstari wa rula. Alikuwa ameketi dawati la mbele, sare imepigwa pasi, daftari limefunguliwa. Siku zake zilikuwa zimetimia, na alilijua hilo, maana jina lake lilikuwa limebandikwa mlangoni.

Nikamfundisha peke yake mpaka mchana, kwa sauti ile ile ninayotumia kwa watoto hamsini. Tulipomaliza alifuta ubao, akafunga madirisha, akaja na ufunguo mkononi.

"Madamu, kesho niuchukue tena kwa askari, au utawahi?"

Hakuuliza kwa ubaya hata kidogo. Alitaka tu kujua.

"Nitawahi," nikasema, nikaupokea ufunguo.