Solo Isiyompita Mtu

Solo zangu za gitaa zilikuwa mbio tupu. Nilizinakili kutoka kwenye nyimbo za simu, vidole vikapata kasi, nikaamini kwaya yetu ya Kasokola ilikuwa na bahati kunipata. Mama mmoja wa sauti ya pili akanikata maini. "Mwanangu, ukianza hilo gitaa lako, sisi tunapotea." Nilinuna wiki nzima.

Jumamosi mwalimu wa kwaya alinizuia kupiga solo. "Nyie, shikeni aaa," aliwaambia waimbaji. Besi wakashika do, yule mama na wenzake mi, sauti ya kwanza so. "Sasa wewe usipige noti ambayo hakuna anayeiimba. Mtembelee kila mmoja."

Nikapiga do, mi, so, moja baada ya nyingine. Kazi ya mtoto, nikajisemea. Mara akawahamishia fa, la, do bila kunionya, nikabaki na mi yangu kama mgeni aliyekosea nyumba. Walicheka wote. Nilitamani kuondoka, lakini nilikaa.

Tulifanya hivyo kila mazoezi, mpaka masikio yakaanza kutangulia vidole. Siku ya misa ya mavuno, magunia ya mahindi na mpunga yakiwa mbele ya altare, nilipiga solo ambayo sikuinakili popote. Nilizunguka kwenye zile sauti, nikikawia hapa, nikirudi pale, nikihama wanapohama.

Nje ya kanisa yule mama alinishika mkono.

"Leo umepita kwangu," alisema. "Mara mbili."