Namba ya Behewa

Harufu ya chuma chenye kutu kilicholowa mvua hunirudisha kwenye stesheni ya Likasi. Sisi watu wa Kasai tulikuwa tumeambiwa na wenyeji turudi mkoani kwetu, ingawa mimi nilizaliwa hapo hapo. Tulingoja treni kando ya behewa bovu, na mdogo wangu mchanga, mikononi mwa mama, alikuwa akihara.

Baba, mwalimu wa hesabu, alinionyesha namba iliyoandikwa kwenye behewa: 100001.

"Mutoto yangu, tafuta namba yenye inaweza kugabula hii bila kubakisha kitu. Anza na mbili. Usiangalie uku."

Nikampa mama mgongo, nikaandika mchangani kwa kidole. Mbili ilikataa kuigawa, tatu na tano pia. Saba ilibakisha sita. Nyuma yangu wanawake walianza kusali. Kumi na moja ikaigawa kamili.

"Papa, miye nimepata. Ukigabula na kumi na moja, inatoka 9091."

Alikuwa amemfunika mtoto kitenge, mpaka usoni. Akaitazama hesabu yangu.

"Ni sawa. Sasa gabula ile 9091."

Namba hiyo haigawanyiki, na baba alijua. Niliendelea kujaribu mpaka aliporudi kutoka makaburini, mikono ikiwa na udongo.