Saa Iliyopakwa Rangi

Nyumba yetu katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, ilinuka rangi ya mafuta karibu wiki nzima, ile inayopakwa milango, na harufu yote ilitoka kwenye kitu kidogo kuliko kiganja changu. Baba alikuwa ameaga dunia, siku ya kuondoa matanga ilikaribia, na kwa desturi ya ukoo wetu uliotoka Kivu Kusini, saa yake ya mkononi, aliyoachiwa na babu, ilipaswa kwenda kwa mdogo wake. Ilikuwa saa ya kutia ufunguo, kioo kimekwaruzika, uso umegeuka rangi ya chai ya maziwa. Mama aliona aibu kuikabidhi hivyo. Kwetu kitu cha marehemu hukabidhiwa kikiwa safi: nguo hufuliwa na kupigwa pasi, viatu hung'arishwa. Basi akaipeleka kwa jirani aliyetengeneza redio, naye akaupaka uso wake rangi nyeupe, akaandika namba upya, akabadilisha kioo na mishale. Ilirudi ikimetameta, na mama akafurahi kama mtu aliyeshonewa kitenge kipya.

Baba mdogo alikuja kutoka Kikagate, ambako aliuza maharage. Ni mtu wa kusema kwanza na kufikiri akiwa njiani kurudi. Mbele ya wazee wa kanisa aliigeuzageuza saa, kisha akamwambia mama, “Hii haiko saa ya kaka. Ile yenyewe uliuzisha.” Mama alieleza habari ya rangi. Jirani aliitwa, akathibitisha, lakini baba mdogo akajibu kwamba jirani hatakosa kumtetea jirani, akairudisha saa kwa mama. Kuanzia hapo wanawake walinyamaza kila mama alipofika bombani, naye akaacha kuimba kwaya. Alikuwa mjane anayeishi kwa kuaminiwa, akikopeshwa mbegu hapa na jembe pale, na sasa aliitwa mwizi wa mali ya marehemu. Nilimchukia baba mdogo, wala sipunguzi neno.

Mama ndiye aliyetaka twende Mbarara, sote watatu, tukamwone fundi wa saa wa Kakoba ambaye hakutujua. Mimi nilichukuliwa kwa kuwa shuleni nilikuwa nimejifunza Kinyankore, lugha ya huko, ila fundi alijua Kiswahili na sikuhitajika. Alisikiliza kesi yetu yote huku bodaboda zikipiga honi nje, kisha, kabla ya kugusa saa, akamgeukia baba mdogo. “Wewe kwanza sema. Ndani ya hii saa kuko nini?” Baba mdogo akakumbuka kwamba ujanani aliwahi kuipeleka saa hiyo kwa fundi wa Uvira, kule Kivu, na kwamba fundi yule alichora msalaba mdogo ndani ya mfuniko na kuweka skrubu moja ya njano. Mama hakuwa na habari ya hayo. Mfuniko ulipofunguliwa, msalaba ulikuwepo na skrubu ya njano ilikuwepo. Fundi akasema mashine ni ile ile ya zamani. Uso umepakwa, kioo na mishale ni vipya.

“Mama Neema,” baba mdogo akakiri polepole, “njo yenyewe.” Mama aliisukuma saa upande wake. “Basi ubebe, iko yako. Lakini uende useme mu kanisa, vile ulinisema.” Jumapili baba mdogo alisimama kanisani akasema, kwa sauti ya chini, akiwa ameivaa.

Siku hizi mimi naishi Mbarara. Mtu akitaka kujua kama saa ya zamani ni halisi, anaipiga picha, anaituma kwa wajuzi, na jibu linamfikia kabla chai haijapoa. Ili aaminiwe, mama alisafiri na mtu aliyemtukana, na aliporudi Nakivale hakuwa na kitu cha baba mkononi. Majuzi nilimuuliza kwa nini hakuiacha tu ionekane ya bandia, maana baba mdogo alikwisha kuikataa na ingebaki kwetu. Akaniangalia kama vile nimemwambia nimeacha kusali. “Nibakie na saa, na batu banasema niliiba?” Nilimwambia amefanya vema, na nilimaanisha. Lakini ingekuwa mimi, ningenyamaza, na leo ningekuwa na saa ya baba.