Siku Niliyofunga Amplifaya

Sikulazimishi uniamini. Lakini ukipita Arua, uliza fundi wa redio mwenye vidole vitatu vilivyokufa katika mkono wa kushoto. Utaletwa kwangu, na mke wangu atakuambia yaleyale nitakayokuambia, kwa sababu naye alimwona. Tena alimkaribisha kiti. Mzuka gani unakaribishwa kiti, utaniuliza? Hata mimi ningeuliza hivyo, kama nisingekuwepo.

Sisi ni Wanubi. Babu yangu aliletwa na jeshi kutoka Sudan, baba yangu alikuwa mtu wa redio jeshini, na ugonjwa huo nikaurithi. Nina redio ndogo ya kusema na kusikia, ya wati tano tu, nguvu isiyofikia hata balbu ya chumbani. Ukiwa na wati tano unalazimika kuwa na adabu. Unasikiliza kwanza kama kuna mtu anazungumza, unangoja nafasi yako, unasema kwa kifupi. Na adabu, nakiri, haijawahi kunikaa vizuri.

Rafiki yangu Lemi alikuwa na redio kama hiyo, niliyomtengenezea mwenyewe. Alikuwa Mkakwa, mkulima wa Midia, kule Koboko karibu na mpaka, mahali ambapo simu inashika siku ikipenda. Alikuwa na ugomvi wa shamba na wana wa baba yake mdogo. Walianza kwa matusi, wakafyeka muhogo wake, kisha wakamkata mbwa wake vipande viwili na kumwacha mlangoni. Baada ya mbwa tukakubaliana hivi: kila siku saa kumi na mbili jioni Lemi ataniita, nami nitamjibu. Akisema wamekuja, nitampigia simu shemeji yangu, askari wa Koboko mjini, naye afike kwa pikipiki. Kwa miezi minne maisha ya Lemi yalikuwa mikononi mwangu, na sikukosa hata jioni moja.

Kisha mfanyabiashara mmoja Mkongo akaniletea amplifaya kutoka Ariwara. Ni sanduku la chuma, zito kama jiwe la kusagia. Unaliunganisha kati ya redio na antena, na wati tano zako zinatoka zikiwa mia na zaidi. Antena yangu ni waya mmoja mrefu unaoingia kwa dirisha mpaka mezani, na Mkongo alinionya nisiuguse ninaposema, maana kwa nguvu ile unaunguza nyama kuanzia ndani. Nilimwambia asinifundishe kazi. Na yapo mengine ambayo hakuna aliyenikumbusha: amplifaya inaongeza mdomo, haiongezi sikio. Unasikika mbali, lakini wewe mwenyewe unasikia vilevile ulivyosikia jana.

Niliifunga saa kumi na moja na nusu. Nikaita mara moja tu, na mtu wa Dodoma akanijibu. Dodoma! Akaniambia sauti yangu imejaa chumba chake kizima. Unajua mwanamume akisifiwa anavyokuwa? Nilisema na yule mtu kama niliyemfahamu tangu utoto, kwenye masafa yaleyale ya Lemi, na saa kumi na mbili ikanikuta nacheka.

Ndipo nikasikia, chini kabisa ya sauti ya Dodoma, mtu ananong'ona jina langu la redioni, "Mzee. Mzee." Nilimjua. Naapa nilimjua. Nikabonyeza kitufe cha maikrofoni nikasema kwa kiburi chote cha chuma kile, "Lemi, subiri kidogo, ndugu yangu, subira huvuta heri." Kisha nikarudi kwa mtu wa Dodoma. Sikumsikia Lemi tena, wala sikumtafuta.

Haikupita nusu saa, mke wangu akaniita kutoka uani kwamba nina mgeni. Anasema mtu aliingia kwa lango, akasalimia vizuri. Shati lake lilikuwa limelowa upande mmoja, akadhani ni matope ya barabarani. Akampa kiti. Yule mtu akasema, "Mama, mimi iko na haraka. Nataka ona mzee," akaingia chumbani kwangu bila kuvua viatu.

Alikuwa Lemi. Kutoka Midia mpaka Arua ni mwendo wa zaidi ya saa moja hata kwa pikipiki nzuri, lakini hilo halikunijia akilini kwanza. Kilichonijia ni shingo yake. Ilikuwa wazi upande wa kulia, na hakuna kilichokuwa kinatoka.

Nilisimama. Akanipiga ngumi ya mdomo, nikameza jino. Mimi si mtu wa kupigwa nikatulia, niamini, hata na rafiki, hata na maiti; nilimrushia kiti, kikamgonga kifuani kwa mlio wa gunia la mahindi, naye hakuyumba. Akanishika kisogo, akanibamiza uso juu ya meza mara tatu. Akauchukua mkono wangu wa kushoto, akaubana juu ya waya wa antena. Kwa mkono wake mwingine akaniwekea maikrofoni mdomoni na kubonyeza kitufe. Amplifaya ikalia tak.

Uelewe jinsi redio hizi zinavyofanya kazi. Kitufe peke yake hakitoi nguvu. Nguvu inatoka na sauti: ukisema polepole inatoka ndogo, ukipiga kelele inatoka yote. Nami nilipiga kelele. Vidole vikanukia kama nyama choma, nikaongeza kelele, waya nao ukaongeza kuchoma. Nilikuwa ninajiunguza kwa mdomo wangu mwenyewe. Kila nilipovuta pumzi moto ulikoma, na kila nilipolia ulirudi.

Lemi akaniambia sikioni, taratibu, "Nyamaza."

Nililia tena.

"Mzee, nyamaza. Sikiliza mimi."

Niliuma ulimi mpaka damu ikajaa kinywani, lakini nilinyamaza. Waya ukapoa. Akaachia kitufe, na spika ya redio yangu ikaanza kunong'ona kwa sauti yake, ingawa mdomo wake niliuona umefungwa. "Mzee. Mzee. Wamekuja. Watu saba. Wamepita, hawajaniona." Kikafuata kimya kidogo. Kisha nikasikia mbao zinavunjwa, watu wanapiga mayowe, na kitufe cha redio ya Lemi kikiwa kimebanwa bado, kwa sababu nilisikia kila panga. Nilihesabu kumi na moja. Katika la nne aliita jina langu, jina langu la nyumbani, si lile la redioni.

Mke wangu aliponikuta nilikuwa peke yangu sakafuni, mkono ukitoa moshi. Mgeni hakumwona akitoka. Sakafuni palikuwa na alama za viatu vyenye udongo mwekundu, na tulizifuta usiku uleule kwa sabuni.

Alfajiri nilikwenda Midia, mkono umefungwa kitambaa. Walikuwa wanachimba kaburi. Mke wa Lemi, Poni, alikuwa amekaa chini na wanawake wenzake, nami niliinama kumpa pole. Akanisimulia bila kulia. Lemi alikuwa amejificha na redio ndani ya ghala la mtama, yeye Poni kichakani karibu yake, na wale watu walikuwa wameshapita ghala, wanaelekea kijitoni.

"Yeye nafungua sauti yote ya redio," Poni alisema, "kwa sababu kila siku wewe nasikika kidogo. Jana wewe najibu kwa nguvu sana. Ghala yote naimba. Watu nasikia, narudi."

Nilitaka kumwambia kuhusu amplifaya.

"Halafu wewe nacheka," alisema.

Sasa unajua, na nimekuambia kwa hiari yangu. Sanduku lile nililivunja kwa nyundo, lakini vidole havikurudi, na nikipandisha sauti kidogo tu, hata nikimkaripia mbuzi, vinaanza kuungua upya na kutoa malengelenge. Daktari haoni sababu. Mimi niliyekuwa nikisikika mpaka barabarani, leo wanangu wananiambia, baba, sema basi tusikie. Redio ninayo bado. Saa kumi na mbili naiwasha, nasikiliza, sibonyezi kitufe.

Poni hajawahi kunisalimia tena, nami simlaumu. Wewe nakuonya jambo moja, uwe na redio au usiwe nayo. Mtu akikunong'oneza, usimjibu kwa kelele. Huenda amejificha.