Picha Yake Kwenye Kioo Changu

Tumemzika yule fundi wa Kamalondo aliyekuwa akitoa gundi kwenye vioo vya magari. Mjane wake alinipigia simu asubuhi, nikaenda kilioni. Wasomaji wangu wa Lubumbashi mnajua tunavyofanya: siku ya maziko, magari ya msafara hubandikwa picha ya marehemu. Ndugu zake walibandika ya kwake kwenye kioo changu cha nyuma, kwa gundi ya mbao, pembe zote nne. Nilikasirika, kisha nikaona haya. Miaka yote alihangaika na uchafu wa namna hiyo, na hata siku yake hatukujifunza.

Tulifahamiana kwa ugomvi. Nilimpelekea gari baada ya kumzika shemeji yangu. Alilowesha picha kwa maji ya moto yenye sabuni, akaibandua, akapaka mafuta ya kupikia juu ya gundi iliyobaki, akafunika kwa kitambaa, akaketi. Aliketi tu! Nilikuwa na haraka zangu za kila siku. Nikamwita mvivu mbele ya wateja wake, nikatoa wembe nikaanza kukwangua mwenyewe. Hakunishika mkono. Alisema tu, "Papa, acha mafuta itumike kwanza. Kole haitokake na nguvu." Alimaanisha mafuta yafanye kazi yake kwanza, kwani gundi haitoki kwa nguvu. Sikumsikiliza, na wembe ukakata mistari miwili ile myembamba inayoondoa ukungu kiooni. Sikuomba radhi. Kila msimu wa mvua sioni vizuri nyuma, na kila niliporudi kwake alinipokea vilevile, bila kunikumbusha.

Inaniudhi jinsi tunavyopima kazi mjini hapa. Anayetokwa jasho na kupiga kelele tunamsifu, hata akiharibu. Anayejua kungoja tunamwona hana kazi, na ujuzi wake tunauzika naye. Mimi ni wa kwanza kulaumiwa, maana nilipotoka makaburini nilianza kuibandua picha yake ikiwa kavu. Ikachanika, nusu ya uso wake ikabaki inanitazama, na wembe tayari ulikuwa mkononi mwangu.

Niliuweka chini. Nikachemsha maji, nikapaka mafuta, nikafunika kwa kitambaa, nikaketi kando ya gari. Jirani alipita akaniuliza kama leo sina kazi. "Niko natumika," nilimjibu, yaani niko kazini. Hilo ndilo neno nililopaswa kumsemea yeye siku ile, mbele ya wateja wake.